Kifuniko cha Nyar Gwassi

Nyumba ya Jedidah kule kisiwani Rusinga haikujua kufungwa. Mlango ulikuwepo, tena wa mbao nzuri, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuegemezewa baiskeli za wageni. Aliyekuja kununua mafuta taa aliambiwa aketi. Aliyeketi alipewa chai. Na aliyepewa chai alijua mwenyewe kwamba pale chai hainywewi bure, inalipiwa kwa habari: nani ameonekana Mbita na nani, mke wa nani amerudi kwao na sufuria zake zote, mchungaji yupi amenunua pikipiki ambayo sadaka ya kanisa lake haiwezi kununua hata tairi. Kufika saa tisa alasiri benchi lilikuwa limejaa, na sauti ya Jedidah ilisikika mpaka kwa wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwa, ufuoni.

Walimwita Nyar Gwassi, binti wa Gwassi, kwa sababu huko ndiko kwao, na mwanamke wa Kijaluo huitwa kwa jina la kwao hata akizeekea kwa mumewe.

Lakini kwenye benchi lile palikuwa na pengo. Pengo dogo tu, upande wa kushoto wa Jedidah, la kutosha makalio ya mtoto mdogo. Nyumba ingejaa, watu wangesimama mlangoni na vikombe mkononi, na pale hapakukaliwa. Hata jirani yake Truphena, mwanamke mwenye nyonga za kuhitaji viti viwili, alijibana upande wa pili akavumilia ukuta.

Pengo lilikuwa la Beverly.

Beverly alikuwa mtoto wa Linet, binti wa mwisho wa Jedidah. Linet alimleta Rusinga mara tu alipomwachisha kunyonya, ili apate nafasi ya kuanzisha duka la kushona nguo Migori mjini. Miaka miwili mtoto alilala ubavuni mwa nyanyake. Na hawa hawakuitana nyanya na mjukuu. Waliitana nyieka, yaani mke mwenza, kama ilivyo desturi: mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu, kwa hiyo nyanya amepata mshindani. Kwamba babu mwenyewe, mzee Gordon, alikuwa amelala kaburini nyuma ya nyumba tangu kabla Beverly hajazaliwa, hilo halikupunguza ugomvi hata kidogo.

"Nyieka, leo nani atampikia mzee?" Jedidah angeuliza.

"Mimi. Wewe umezeeka."

"Na utampikia nini, wewe ambaye hata meza hujaifikia?"

"Mandazi."

"Yawa! Mnagombania mume ambaye hata soksi hana," Truphena angesema, na benchi zima lingelala kwa kicheko.

Halafu ikaja Novemba.

Mafuta taa ya Jedidah hukaa nje, kwenye pipa lenye bomba. Lakini wanunuzi huja na chupa za soda, na zile zinazosahauliwa zikiwa zimejazwa hupangwa dirishani zikiwangoja wenyewe. Siku ile Truphena alikuwa ameleta habari nzito ya harusi iliyovunjika kisiwani Remba, bwana harusi amegundulika ana mke mwingine, na mke huyo amekaa kiti cha mbele kanisani, tena na kadi ya mwaliko. Jedidah alikuwa ameshaichukua hadithi mikononi mwake, anaiga sauti ya mchungaji, watu wanafuta machozi. Beverly akaja ubavuni, akamwekea chupa mapajani.

"Nyieka, nifungulie."

Na mikono ya Jedidah ikafungua. Mikono ile ilikuwa imemfungulia mtoto yule kila kitu tangu aanze kutembea: ndizi, vifungo, peremende, chupa za maji. Hakutazama. Hakunyamaza. Mdomo ulikuwa kanisani Remba na macho yalikuwa kwa watu. Mtoto alimeza mara moja, labda mbili, kisha akakohoa kikohozi ambacho Jedidah hajaacha kukisikia.

Boda mpaka Mbita, gari mpaka Homa Bay, siku nne za mpira wa oksijeni puani. Beverly alipona. Linet alipofika hospitalini mbio kutoka Migori, tepu ya kupimia nguo bado shingoni, aliuliza jambo moja tu: "Aliifunguaje?"

"Kifuniko kilikuwa kimelegea," Jedidah akasema.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Ni mdomo. Mdomo uliomzoea kwa miaka hamsini na tisa ulitangulia mbele yake kama mbwa, na yeye akaufuata. Truphena alikuwa amesimama pale pale. Alimtazama Jedidah, akatazama sakafu. Na Truphena huyu, ambaye hajawahi kulala na siri usiku mmoja, hii ameibeba mpaka leo.

Linet alimchukua mtoto. Kabla ya kuondoka alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hana kingine: "Mama, sitaki ahadi. Siku utakayonionyesha kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, siku hiyo Beverly atarudi kwako. Kabla ya hapo, usiniombe."

Mtu asiyejua mambo atasema, si mama apande gari akakae Migori na mjukuu wake? Mtu huyo hajaoza binti Ujaluoni. Mama mkwe halali kwa mkwewe. Ken, mumewe Linet, alikuwa kijana wa watu, mpole, lakini yeye na Jedidah wakikutana njiani kila mmoja alitafuta kichaka cha kutazama. Kwa hiyo kilichobaki ni simu ya Jumapili. Mwanzoni mtoto alipiga kelele humo ndani: "Nyieka! Mzee amekula?" Kufika Februari alikuwa akisema maneno machache, nusu Kiswahili cha Migori. Kufika Juni, Linet alimshikisha simu, na sauti ndogo yenye adabu ikasema:

"Habari yako, dani."

Dani ni nyanya. Ni neno zuri, halina kosa. Jedidah alijibu "nzuri, mama," akaweka simu mezani, akatoka nje akaketi karibu na kaburi la mzee Gordon. "Mke mwenzangu ameniacha na wewe peke yangu," alimwambia. Kesho yake akapeleka ujumbe Mbita, kwa Machuki.

Machuki alikuwa fundi wa mabomba, Mkuria kutoka upande wa Kehancha, amekaa Mbita miaka kumi na Dholuo yake, lugha ya wenyeji, haijavuka salamu. Alikuja na mkoba wa vyuma, akanywa chai vikombe viwili, akaulizwa habari za mkewe, za mama yake na za ng'ombe wake mmoja mmoja, ndipo akaruhusiwa kuongea kazi.

"Mama, mtoto haumshindi na nguvu," alisema. "Ukikaza kifuniko, yeye ana meno. Ako na siku mzima, hana kazi ingine. Mtoto unamshinda na mambo mawili kwa wakati moja. Anaweza kubonyeza. Anaweza kuzungusha. Lakini abonyeze huku anazungusha? Hapo kichwa inagoma."

"Sasa wewe unaongea."

"Ama njia ingine, rahisi zaidi." Alichukua msumari akachora kwenye chupa. "Naweka mishale mbili. Moja kwa kifuniko, moja kwa shingo ya chupa. Zikiangaliana, kinatoka. Zikikosana, hata ng'ombe wangu hawezi vuta. Mtoto hajui mishale."

"Na mimi nitaionaje hiyo mishale? Macho yangu ya karibu alienda nayo mzee."

"Si ununue miwani?"

"Miwani ya nini, Machuki? Mimi nataka kitu cha kufungua bila kuangalia. Nikiwa hapa na watu wangu, napiga stori, mkono unajua wenyewe."

Jedidah akayasikia maneno yake mwenyewe. Benchi lilicheka, Machuki alicheka, lakini Truphena aliinamia kikombe chake kana kwamba ameona nzi. Jedidah aliinuka kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Basi wakashika njia ya kubonyeza. Machuki alichukua vifuniko viwili vya plastiki, vile vya kuzibia ncha za mabomba, kidogo na kikubwa. Kidogo alikibandika juu ya kizibo cha chupa. Kikubwa akakivalisha juu yake kama kofia juu ya kofia. Juu ya kidogo na ndani ya kikubwa alikata meno kwa msumeno, na katikati akaweka mviringo wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili kuyatenganisha. Ukizungusha tu, kofia ya juu inacheza bure kama gurudumu lililokatika mnyororo. Ukibonyeza kwa kiganja, mpira unalala, meno yanashikana, na hapo ndipo ukizungusha inatoa mlio: tak.

Machuki alisoma kwenye simu yake namna wenzetu wa ng'ambo wanavyojaribu vitu hivi. "Wanaita watoto, wanawakalisha wawili wawili," alisema. "Wanapewa dakika tano. Wakishindwa, mtu mkubwa anawafungulia mbele yao bila kusema kitu, halafu tano ingine. Na wanaambiwa meno inaruhusiwa."

"Watoto wawili wawili?" Truphena aliuliza. "Hapa kwa Nyar Gwassi tutawapata ishirini kabla ya uji kupoa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi tatu mfululizo nyumba ya Jedidah iligeuka shule ya wezi. Chupa zilitiwa juisi nyekundu ili watoto wawe na sababu. Akina mama walikuja kuwashangilia, wakabeti kwa mandazi. Jumamosi ya kwanza mpira wa tyubu ulikuwa mwembamba mno, na Edith, mtoto wa Dorine, miaka minne na meno ya panya, alikaa juu ya chupa kama kuku juu ya yai, akajizungusha mwenyewe, tak, akanywa.

"Huyo mtoto wako ataolewa na polisi," Truphena alimwambia Dorine.

"Aolewe tu, mradi atalipiwa mahari."

Jumamosi ya pili Machuki alikuja na mpira mnene wa tyubu ya lori. Watoto wote walishindwa. Lakini hata mama yake Omanga, bibi kizee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, alishindwa vilevile. Alibonyeza mpaka jasho likamtoka puani, kisha akaiweka chupa chini akaitazama. "Hii chupa imenidharau," alisema. "Nimezaa watoto tisa, na hii chupa imenidharau."

Machuki alirudi Mbita, akapunguza mpira nusu, akaongeza meno mawili. Jumamosi ya tatu watoto kumi na wanane waliuma, walikanyaga, walilia. Edith alikaa juu yake akajizungusha mpaka akapata kizunguzungu. Hakuna tak hata moja. Na mama yake Omanga alibonyeza kwa kiganja, akazungusha, akanywa juisi yote bila kumgawia mtu.

Nyumba ililipuka vigelegele. Jedidah alicheza, alimkumbatia Machuki mpaka fundi wa watu akatafuta mkoba wake. Watoto kumi na wanane walikuwa wakikimbia humo ndani, wakirukia benchi, wakikalia kila mahali mpaka kwenye lile pengo, na hakuna aliyekuwa na roho ya kuwatoa. Jedidah aliwaangalia mmoja mmoja. Nyumba haijawahi kujaa vile tangu mzee azikwe, na alihisi kama mtu anayetafuta sauti moja kwenye soko lote.

Usiku huo hakuomba kitu kingine. Alitaka tu kuitwa nyieka tena.

Yeye na Linet walipatana wakutane dukani, si nyumbani. Duka ni duka. Mama mkwe akiingia dukani ni mteja kama wateja wengine. Jedidah alifika Migori saa nne asubuhi, chupa ya juisi nyekundu imeviringishwa kwenye leso, kifuniko cha Machuki kikichungulia juu.

Beverly alikuwa amerefuka. Alikuwa amevaa soksi. Alisimama nyuma ya meza ya kukatia vitambaa akasalimu kwa kunyoosha mkono, kama walivyomfundisha chekechea.

"Habari yako, dani."

"Nzuri, mama. Umekua." Jedidah aliushika ule mkono mdogo kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa kumshika mtu anayekusalimu. Ulikuwa mkavu, wenye vumbi la chaki. Mtoto aliuvuta polepole, kwa heshima.

"Haya, mama," Linet alisema kutoka kwenye cherehani. Hakuinuka. Alikuwa na sare za kwaya ya watu thelathini za kumaliza kabla ya jioni. Lakini Jedidah aliona kwamba ameshaweka simu yake karibu, saa imewashwa. "Mpe."

Beverly alipewa chupa. Akaambiwa juisi ni yake akiifungua, na meno ruksa. Akaingia nayo chini ya meza.

Duka lilikuwa na watu. Kulikuwa na mzee Monari, anayeuza viatu kibanda cha pili, amekuja kupunguziwa suruali, na akina mama wanne wa kwaya wakingoja kujaribu sare zao. Dakika ya kwanza masikio yote ya Jedidah yalikuwa chini ya meza. Dakika ya pili mama mmoja wa kwaya alimuuliza anatoka wapi. Rusinga? Kumbe yeye ana shangazi aliyeolewa Rusinga! Yupi? Yule? Jedidah alimjua. Tena alijua mpaka kilichomtoa kwenye kikundi cha akina mama, na kuku wa nani alihusika. Alianza kwa sauti ya chini, kwa ajili ya adabu. Dakika ya tano alikuwa amesimama, anaonyesha jinsi shangazi alivyotembea na kuku ndani ya rinda katikati ya maombi, na kuku naye akaitikia amina kabla ya watu. Monari alishika ukuta. Linet mwenyewe alicheka huku ameinamia mshono, cheko lile la utotoni la kupitia puani, na Jedidah alipolisikia akazidisha mbwembwe.

Dakika tano zilipoisha Linet aliitwaa chupa, akaibonyeza, akaifungua mbele ya mtoto, akaifunga, akairudisha. Dakika tano nyingine. Chini ya meza mlisikika kuguguna, kisha kugonga sakafuni, kisha kimya. Saa ya simu ikalia.

Linet alisimamisha cherehani. Aliangalia chini ya meza. "Ameshindwa," alisema, na uso wake ukalegea kidogo, kama uzi unapoachiwa. "Mama, ameshindwa kabisa. Haya. Shule ikifungwa Agosti, nitamleta."

Akina mama wa kwaya walipiga makofi bila kujua wanapigia nini. Jedidah alitaka kulia, lakini watu walikuwa wanamtazama na kuku bado hajatoka kanisani. Cherehani ikaanza tena kunguruma. "Enhe," Monari alisema, "kuku akasema amina. Halafu?"

"Halafu mchungaji akafumbua jicho moja..." Jedidah aliendelea, anaiga lile jicho, mikono hewani.

Kitu kikagusa paja lake la kushoto.

"Nyieka," sauti ndogo ilisema. "Nifungulie."

Lilikuwa neno lenyewe. Lilimwingia kama maji ya moto kifuani. Kila kitu ndani yake kiligeukia upande ule, ila mdomo, ambao ulikuwa bado kwa mchungaji, na macho, ambayo yalikuwa bado kwa Monari, na mikono, ambayo haikuhitaji kuambiwa.

Tak.

Aliusikia mlio kabla ya kujua ni yeye aliyefungua. Alipoinamisha kichwa, Beverly alikuwa ameinua chupa kwa mikono miwili, anakunywa, juisi nyekundu inamteremka kidevuni mpaka kwenye kola nyeupe.

"Ala, mtoto amefungua!" Monari alisema.

Cherehani ilisimama. Linet aligeuka. Aliona chupa wazi, aliona mtoto anakunywa, na ule ulegevu wa usoni ukakazika upya.

"Amefungua?"

 Hapo Jedidah alikuwa na njia mbili. Akinyamaza, kifuniko kimeshindwa, lawama ni ya plastiki na ya Machuki, arudi nyumbani akajaribu tena. Akisema ni yeye aliyefungua, kifuniko kimeshinda, na Agosti ni yake; ni mtu gani atamlaumu nyanya kwa kumfungulia mjukuu juisi yake? Njia ya pili ilikuwa nyepesi kabisa, na mdomo ulikuwa umeshaanza kuitembea.

"Ni mimi," alisema. "Ameniletea, nikamfungulia. Kifuniko hakina neno."

"Ah, mama! Umenitisha." Linet alicheka, akashika kifua.

Kicheko kile ndicho kilichomshinda Jedidah. Angeweza kukibeba cha mtu mwingine yeyote.

"Sikuangalia," alisema. "Linet. Sikuangalia ilikuwa chupa gani. Kama siku ile."

 Monari, mzee mwenye busara zake, aliokota suruali yake bila kupimwa akatoka, na akina mama wa kwaya wakagundua kwamba nje kuna jua zuri. Linet alikaa amemtazama mama yake, mkono mmoja bado juu ya gurudumu la cherehani.

"Siku ile kifuniko kilikuwa kimelegea," alisema.

"Hakikuwa kimelegea. Aliniletea, nikafungua. Nilikuwa naongea."

"Unaongea nini?"

"Harusi ya watu. Hata sikuwajua."

Beverly alimaliza juisi, akapanguza mdomo kwa kola, akaegemea paja la nyanyake kama vile hajawahi kuondoka hapo. Linet alimtazama mtoto, akatazama chupa tupu.

"Miezi minane," alisema, sauti ndogo. "Miezi minane, mama, nimechukia kifuniko. Nikiona chupa ya soda barabarani naipiga teke. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nyumba yako inajaa watu mpaka mtoto anakosa macho yako. Mimi pia nililelewa humo. Nilikuwa nakuletea daftari la shule, unaweka sahihi bila kuangalia, unaendelea na stori. Mara nyingine nilikuletea daftari la jirani." Alijaribu kucheka, ikakataa. "Nenda nyumbani, mama. Nitakupigia."

Jedidah aliinuka. Alikunja leso mara nne, mara nane, mpaka haikukunjika tena. Mlangoni alisikia nyuma yake: "Nyieka, unaenda wapi? Nyieka?" Aligeuka, akamtazama mtoto, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliondoka mahali bila kuaga.

Jumapili ya kwanza simu haikulia. Watu walikuja kama kawaida, wakanywa chai, wakaleta habari za Remba na za Mbita, na Jedidah aliwasikiliza kama mtu aliye upande wa pili wa maji. Jumatatu alivuka daraja kwenda Mbita, akanunua miwani ya kusomea kwa muuza miwani wa barabarani, ile yenye fremu ya kahawia inayobana masikio. Kisha akaenda kwa Machuki.

"Ile mishale," alisema. "Nichoree."

"Mama, si hii nyingine inafanya kazi? Watoto kumi na wanane!"

"Watoto umewashinda. Sasa nishinde mimi."

Machuki alimtazama, akaangalia miwani, akaacha kuuliza. Siku tatu baadaye alileta chupa. Mishale ilikuwa midogo, ameichora kwa msumari wa moto, mmoja kwenye kofia na mmoja shingoni, na haikuhisika hata ukipitisha kidole. Ilibidi kuiona. Jedidah alijaribu kuifungua akipiga stori na Truphena. Ilikataa. Alijaribu tena, akianza habari na kuikatiza katikati, akageuza shingo, akatazama tena. Ilikataa. Mpaka aliponyamaza kabisa, akaisogeza karibu na pua, mishale ikatazamana.

"Yawa," Truphena alisema kwa mshangao wa kweli. "Kumbe kuna kitu cha kukunyamazisha."

Jumapili ya tatu simu ililia saa kumi. Benchi lilikuwa limejaa. Jedidah aliona jina la Linet, akainua mkono, na watu wote wakanyamaza na vikombe hewani.

"Truphena alinipigia," Linet alisema. Hakusalimu. "Anasema umetengeneza kingine."

Jedidah alimgeukia Truphena. Truphena alikuwa anachunguza dari.

"Ndiyo. Hiki hakifunguki bila kuangalia."

"Ukiongea je?"

"Hakifunguki."

"Kifungue nisikie."

Jedidah aliiweka simu kwenye spika, akailaza mezani, akavaa miwani. Aliichukua chupa kutoka juu ya kabati. Watu kumi na wawili walisogea kutazama, na nyumba ile, ambayo haikuwahi kunyamaza hata siku ya matanga ya mzee Gordon, ilinyamaza mpaka maji ya ziwa yakasikika. Mishale ilicheza mbele ya macho yake, ikaungana, ikaachana.  Aliinamisha kichwa, akaitazama chupa kama alivyopaswa kuitazama ile nyingine, rangi yake, kilichomo ndani, mpaka mshale mmoja ukaukuta mwenzake.

Tak.

 Upande wa pili, mbali na simu, kama kutoka chini ya meza, sauti ndogo ikauliza: "Ni nyieka? Amefungua?"

"Nyamaza kidogo," Linet alimwambia mtoto. Kisha karibu na simu: "Mama."

"Nipo."

"Rudia."

Jedidah alikifunga kifuniko, akakizungusha mpaka mishale ikapoteana kabisa. Kisha akasogeza miwani juu ya pua, akaibana chupa magotini, akaanza upya, polepole, huku mkono wake wa kushoto umelala juu ya lile pengo la Beverly kwenye benchi.